Tarzan Kabla ya Sinema

Wengi humjua Johnny Weissmuller kama Tarzan wa sinema. Mimi namhusudu kwa kuogelea.

Alizaliwa mwaka wa 1904. Utotoni aliugua polio, akaanza kuogelea ili apate nguvu.

Sisi tunaoogelea mto Chania hatuna ukuta wa kugeukia. Bwawani, ukuta ndio mtihani. Enzi zake sheria ilitaka mkono uuguse kwanza. Ndipo ujikunje, uupige teke, uchomoke kama mshale. Ukizubaa hapo, mwenzako kashaenda!

Huko Paris mwaka wa 1924, bwawa lilikuwa la mita 50. Aligeuka mara moja tu, akamaliza mita 100 kwa sekunde 59, akambwaga bingwa Duke Kahanamoku.

Alifariki mwaka wa 1984. Wenzangu, asiyejua kugeuka huachwa.