Alice Salomon: Mwalimu Aliyefunga Chuo Chake kwa Mkono Wake



Leo sileti maisha ya mtakatifu. Namleta mwanamke wa Berlin aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa Mprotestanti akiwa na miaka 42, hakuolewa, hakupata mtoto, akafia mbali na nchi yake. Anaitwa Alice Salomon. Kama una rafiki anayesoma pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, mwulize kama amewahi kulisikia jina hilo. Huenda hajalisikia, lakini mengi anayofundishwa darasani yalipita kwanza mikononi mwa huyu mama.

Kwa nini yeye? Niko kwenye utume wa kichungaji hapa katikati ya jiji, Kariakoo na mitaa yake, na kuna swali vijana wa VIWAWA hawachoki kuniuliza: Frateri, hivi kumsaidia maskini nako kunahitaji digrii? Swali lina ubishi ndani yake, nami nalipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mtu ana moyo, ana mia tano mfukoni, anakutana na ombaomba Mtaa wa Msimbazi, anampa, anaendelea na safari. Hapo kuna nini cha kusomea? Alice alitumia maisha yake yote kulijibu swali hilo, na jibu lilimgharimu karibu kila kitu.

Alizaliwa Berlin tarehe 19 Aprili 1872. Familia ilikuwa na uwezo, lakini baba yake alifariki Alice akiwa bado binti mdogo wa miaka kama 14, na shule nayo ikaishia hapo hapo. Alitaka kuwa mwalimu. Nyumbani wakakataa, maana binti wa familia ya namna ile hakutakiwa kufanya kazi ya mshahara. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani, kudarizi, kusubiri mchumba. Kumbuka pia kwamba vyuo vikuu vya Prussia vilikuja kuwafungulia wanawake milango rasmi mwaka 1908. Yaani kwa miaka kadhaa huyu binti mwenye akili kali alikaa tu nyumbani, siku zikipita.

Mwaka 1893, akiwa na miaka 21, alijiunga na kundi jipya la mabinti na wanawake waliojitolea kusaidia watu maskini wa Berlin. Mji ulikuwa umefurika watu kutoka mashambani waliofuata viwanda. Familia nzima inabanana chumba kimoja, mama anashona usiku kucha, watoto wanajilea wenyewe. Sisi wa Ilala na Buguruni hatuhitaji maelezo marefu hapo. Kundi lile liliongozwa na mama mmoja, Jeanette Schwerin, naye akawa kama mlezi wa Alice. Schwerin alipofariki mwaka 1899, uongozi ukamwangukia Alice, na mwaka huo huo likaanzishwa jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: kozi ya mwaka mzima kwa ajili ya wale wanaotaka kusaidia maskini.

Naomba tukae kidogo hapa. Mabinti wale walikuwa na mioyo mizuri, hilo halina ubishi. Walichokosa ni maarifa. Binti wa tajiri anaingia chumba cha fundi cherehani, anaona uchafu, anatoa mahubiri ya usafi, anaacha kikapu cha chakula, anaondoka akijisikia vizuri. Hajui kodi ya chumba ni kiasi gani. Hajui mama analipwa shilingi ngapi kwa shati moja. Hajui sheria inampa mjane haki gani, wala kile kikohozi cha mtoto kinaweza kuwa kifua kikuu. Alice aliona kwamba msaada wa namna hiyo unamfurahisha zaidi mtoaji, tena wakati mwingine unamdhalilisha anayepokea. Kwake, maskini alistahili mtu aliyejiandaa, kama vile mgonjwa anavyostahili daktari aliyesoma. Wazo kubwa la maisha yake ndilo hilo, na mimi niliyemaliza miaka ya falsafa seminarini wakati watu wanalala nje pale Mnazi Mmoja, linanigusa kuliko ninavyoweza kueleza.

Akaenda mwenyewe kusoma. Hakuwa na cheti cha sekondari cha kumwingiza chuo kikuu, lakini tayari alikuwa ameandika makala zenye uzito, na kwa sababu ya maandishi hayo akapewa ruhusa maalumu ya kuhudhuria masomo Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka 1906 akapata shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ilichunguza kwa nini mwanamke analipwa ujira mdogo kuliko mwanamume. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, jamani! Dada anayekunja nguo dukani Mtaa wa Kongo na kaka anayefanya naye kazi ile ile wanaweza kuisoma leo wakajiona ndani yake.

Kuna kitu ambacho kama Mtanzania siwezi kukiruka. Mwaka huo 1906, huku kwetu vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinaendelea. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni, na amri zilitoka mji ule ule wa Berlin. Mji mmoja: upande huu wanawake wanajifunza namna ya kuingia nyumba ya maskini kwa heshima, upande mwingine serikali inaruhusu mashamba ya kusini mwa nchi yetu yachomwe mpaka watu wafe kwa njaa. Silitaji kumlaumu Alice. Nalitaja kwa sababu tukisimulia maisha ya watu wema wa Ulaya ya wakati ule, huwa tunasahau kujiuliza sisi tulikuwa wapi siku zile.

Mwaka 1908 akafungua shule yake Schöneberg, Berlin: shule ya wanawake ya kazi za jamii, kozi ya miaka miwili. Walisoma uchumi, afya, sheria, malezi, na walitoka kwenda kufanya kazi mitaani. Nadharia peke yake hakuitaka, na kujitolea kusiko na fikra hakukuta nafasi kwake. Shule nyingine zikafuata katika miji mbalimbali ya Ujerumani, na mwaka 1917 akawa mwenyekiti wa umoja wa shule hizo. Mwaka 1925 akaanzisha akademia ya wanawake huko huko Berlin, ngazi ya juu zaidi, kwa ajili ya elimu na utafiti. Mwaka 1929 akawa mwenyekiti wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya shule za kazi za jamii, ambayo mpaka leo inaendelea kama chama cha shule hizo duniani. Taasisi yetu ya Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ni mjukuu wa mbali wa ukoo huo.

Kitabu chake ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1926, kuhusu namna ya kuitambua hali ya mtu kabla ya kumsaidia. Alijifunza mengi kutoka kwa Mmarekani Mary Richmond, aliyekuwa ameandika juu ya jambo hilo mwaka 1917, lakini Alice akaliweka katika mazingira ya kwao. Mchukue mtoto wa miaka 12 anayebeba mizigo Kariakoo saa ambazo wenzake wako darasani. Mimi na wewe tunaona mtoto mtoro, au tunaona mtoto wa kuonea huruma, basi. Mwanafunzi wa Alice angeanza na maswali. Anakaa na nani? Nani analipa kodi ya chumba? Bibi anaumwa nini, na dawa anazipata wapi? Shuleni aliacha kwa sababu ya michango, au kwa sababu mwalimu alimchapa? Kuna mjomba yeyote, jirani, jumuiya ndogo ndogo inayomfahamu? Halafu anayapima majibu, analinganisha anachosema bibi na anachosema mjumbe wa mtaa, ndipo anaamua. Na uamuzi wenyewe Alice aliueleza kwa namna rahisi sana: ama umsaidie mtu asimame ndani ya mazingira aliyonayo, ama uyabadilishe mazingira yenyewe. Mara nyingi ni yote mawili.

Utafiti nao alikuwa haufanyii mezani. Mwaka 1930, pamoja na Marie Baum, alitoa kitabu chenye maelezo ya familia 182, nyumba kwa nyumba: wanakula nini, wanalala wapi, nani anamtunza nani. Kulikuwa na mabishano makubwa Ujerumani kama familia inakufa. Badala ya kubishana, wakaenda kutazama. Nawaombea wasomi wetu wa falsafa, nikiwemo, tuijue njia ya kwenda kutazama.

Mwaka 1932 alitimiza miaka 60, na sifa zikamiminika. Chuo Kikuu cha Berlin kikampa udaktari wa heshima, na shule aliyoianzisha ikapewa jina lake.

Mwaka uliofuata Hitler akaingia madarakani.

Alice alikuwa Mkristo tangu 1914, lakini kwa Wanazi ubatizo haukubadilisha kitu, damu ilikuwa damu. Kusema kweli dalili zilikuwepo mapema. Mwaka 1920 alijitoa kwenye umoja wa vyama vya wanawake wa Ujerumani, kwa sababu wenzake waliogopa kumpa uenyekiti mtu mwenye asili ya Kiyahudi. Wenzake, wanawake waliopigania haki pamoja naye! Sasa mwaka 1933 akavuliwa nyadhifa zote, na jina lake likaondolewa shuleni. Ikabaki ile akademia. Ili iendelee kuwepo, ilipaswa kuwafukuza walimu na wanafunzi wa Kiyahudi. Wakuu wengi wa taasisi walifanya hivyo, wakajiambia kwamba wanaokoa kinachoweza kuokolewa. Alice akaitisha uongozi wake, wakaivunja akademia wenyewe kabla hawajaingiliwa. Kazi ya miaka minane, akaifunga kwa mkono wake, ili isije ikasimama kwa kuwatupa watu wake nje.

Hapa wengi tungeyumba. Nimejaribu kuipima hoja ya upande wa pili, kama tulivyofundishwa: si bora taasisi ibaki, hata ikiwa na doa, kuliko kukosa taasisi kabisa? Maskini wa Berlin wangefaidika nini na milango iliyofungwa? Hoja ina nguvu. Lakini shule ya kufundisha heshima ya kila mtu, inayoanza asubuhi kwa kumfukuza mwalimu kwa sababu ya bibi yake alikuwa nani, imebaki kuwa shule ya kitu gani? Nadhani Alice aliona kwamba pale hakukuwa tena na kitu cha kuokoa zaidi ya jengo.

Mwaka huo huo 1933, mwanamke mwingine mwenye asili ya Kiyahudi alizuiwa kufundisha kule Münster. Huyo tunamfahamu: Edith Stein, mwanafalsafa, ambaye leo tunamwita Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Edith aliingia Karmeli, na mwaka 1942 akauawa Auschwitz. Alice alibaki Berlin, akiandika na kuwasaidia wale waliotaka kukimbia. Mwaka 1937 polisi wa siri wakamwita, wakamhoji, wakampa wiki tatu aondoke nchini, la sivyo kambini. Alikuwa na miaka 65. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake cha utafiti juu ya shule za kazi za jamii katika nchi mbalimbali duniani. Mwandishi yuko njiani na sanduku lake, kitabu kinasomwa na watu ambao hata hawajui amefukuzwa.

Akafika New York. Mwaka 1939 Wanazi wakamnyang'anya uraia na digrii zake za udaktari. Yule binti aliyenyimwa shule, akaipigania mpaka akaipata, uzeeni anaambiwa kwamba karatasi haina maana tena. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1944. Waliomjua walimheshimu, lakini kazi ya kufundisha hakuipata tena, na maisha yake aliyoyaandika kwa Kiingereza hayakupata mchapishaji. Yalitoka kwa Kijerumani mwaka 1983.

Kuna msomaji atauliza Kanisa letu linasemaje juu ya haya yote. Papa Benedikto XVI, Mjerumani naye, katika barua yake ya kwanza ya mwaka 2005 juu ya Mungu aliye upendo, aliweka ujuzi wa kazi kuwa hitaji la kwanza kwa anayewahudumia wenye shida, kisha akaongeza kwamba ujuzi peke yake hautoshi bila moyo ulioundwa. Soma sehemu ya pili ya barua hiyo taratibu, hasa kama uko kwenye kamati ya Karitas ya parokia, na hasa kama wewe ndiye unayeandaa ile orodha ya wa kupewa unga wakati wa Kwaresima.

Alice Salomon alifariki New York tarehe 30 Agosti 1948, akiwa na miaka 76. Shule yake siku hizi ni chuo cha elimu ya juu, kipo Hellersdorf, mashariki mwa Berlin, na kinaitwa kwa jina lake. Tarehe 30 Agosti, kama utapata nafasi ya misa ya asubuhi kabla ya kufungua duka au kuwahi mwendokasi, mtaje katika sala za marehemu.