Harry Thuku na Hesabu ya Hazina

Serikali iliyopungukiwa fedha huweza kuongeza kodi au kupunguza matumizi. Mimi ni mtu wa isimu, si wa uchumi, lakini najua kuwa neno "umma" hubadilika maana kutegemea anayelitamka. Maisha ya Harry Thuku yanathibitisha hayo.

Thuku alizaliwa Kambui, Kiambu, mwaka 1895. Alisoma misheni, akapanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akahudumu kwenye simu za Hazina mjini Nairobi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei za mazao zilianguka, na koloni likakosa fedha. Kodi ya kibanda ilipandishwa hadi shilingi 16, huku walowezi wakiazimia kupunguza ujira wa vibarua kwa thuluthi. Mwaka 1921 Thuku aliongoza chama cha East African Association kupinga hayo pamoja na kipande.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele, ulimiminiwa risasi. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21 waliouawa. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Mwaka huo huo kodi ya Mwafrika ilishushwa hadi shilingi 12. Walowezi nao, ambao Ewart Grogan, mwenye lile kasri la karibu na Taveta, alikuwa msemaji wao mkubwa, walifutiwa kabisa kodi ya mapato. Wao walisikilizwa vikaoni; Mwafrika alisikilizwa baada ya mazishi.

Uzeeni Thuku alilima kahawa, akaipinga Mau Mau, akafariki mwaka 1970. Wapo waliomwita msaliti, lakini hilo haliibatilishi hoja ya ujana wake.

Juni 2024 Muswada wa Fedha uliondolewa baada ya vijana kuuawa, ndipo serikali ikatangaza kupunguza matumizi. Utaratibu ulikuwa ule ule: damu kwanza, hesabu baadaye. Nasi tuwe wakweli: kila mmoja wetu hutaka matumizi yapunguzwe, mradi isiguswe shule wala zahanati ya kwao. Mkulima wa Mata hulipa kodi anunuapo bidhaa nyingi dukani, hata kama hana mshahara. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Basi mkulima huyo aulizwe mapema ni kipi kipunguzwe na ni kipi kibaki. Walimu, anzeni kwa kuwafundisha wanafunzi kuisoma bajeti.