Mboya na Nauli ya Elimu

Kila nipitapo Kamukunji nikielekea Kaloleni, humkumbuka Tom Mboya, aliyewawakilisha wakazi wa huko Bungeni tangu 1963 hadi alipouawa tarehe 5 Julai 1969. Mnamo 1959, kwa msaada wa wafadhili wa Marekani, aliwapeleka wanafunzi 81 kusoma ng'ambo; mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hata hivyo, hakungojea mkono wa mgeni tu: wazazi na majirani nao walichanga masurufu ya watoto wao. Walimu na wanafunzi wa Eastlands waombao ruzuku za maktaba na sanaa wasilisahau hilo. Wahenga walituonya dhidi ya kutegemea cha ndugu. Mfadhili huongeza, mwenye mtaa ndiye huanza.