Hafidh wa Shiraz na Fumbo la Mvinyo

Jina la Shiraz si geni kwetu watu wa pwani. Wako wanaojinasibu nalo tangu zama za Kilwa. Siku hizi limebandikwa kwenye chupa za mvinyo mwekundu, na wanywaji husifu harufu na ladha yake. Kumbe mzabibu wenyewe asili yake ni Ufaransa, si Uajemi. Wataalamu wa nasaba za mimea walilithibitisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Aliyeusifu mvinyo wa Shiraz hasa ni malenga Shamsuddin Muhammad, aliyezaliwa mjini humo mapema katika karne ya 14. Aliihifadhi Qur'ani yote kifuani, ndipo akaitwa Hafidh. Basi msomaji atauliza: vipi mwenye Kitabu kifuani awe na kikombe ulimini?

Zama zake zilikuwa za misukosuko. Mwaka 1353 Shiraz ilitekwa na Mubarizuddin, mtawala mkali aliyefunga nyumba za ulevi. Mwaka 1358 mwanawe, Shah Shuja, alimpindua na kumpofua macho. Mwaka 1387 akaja Timur na majeshi yake. Katika hayo yote Hafidh alitunga, na shabaha yake kubwa ilikuwa ria: shekhe anayekataza mimbarini na kutenda faraghani.

Hapo ndipo wafasiri walipogawanyika. Wako wanaosema mvinyo wake ni mvinyo tu. Masufi wakasema ni mahaba ya Mola, na mlevi ni aliyejisahau kwa kumkumbuka Yeye. Sisi tuliolelewa na mafumbo hatushangai. Neno moja laweza kuvaa nguo mbili.

Hafidh alifariki yapata mwaka 1390. Husimuliwa kwamba baadhi ya watu walisita kumsalia kwa ajili ya tungo zake. Zikapigwa kura beti zake, na ubeti uliotoka ukawanyamazisha, akasaliwa. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini mafunzo yake ni ya kweli: ulimi wa mshairi si ushahidi wa kadhi.

Kaburi lake liko Shiraz hadi leo, na Waajemi hulizuru, wakifungua diwani yake kutazamia fali. Ulevi ni haramu, halina mjadala. Lakini anayemhukumu mja kwa ganda la shairi lake, na ajihadhari: pengine hakuonja kilichomo ndani.