Matsushita: Kijana wa duka la baiskeli aliyeanzisha Panasonic

Kabla pikipiki hazijatawala barabara, Busia na Malaba zilikuwa miji ya baiskeli. Abiria alikaa kwenye kiti cha nyuma, akavushwa kutoka boda hadi boda, na jina bodaboda likazaliwa hapo. Vijana wale wa baiskeli wangemwelewa haraka Konosuke Matsushita.

Alizaliwa mwaka 1894 Wakayama, Japani, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba yake alipoteza mali yote kwa kubahatisha bei ya mchele. Hivyo Konosuke akaacha shule akiwa na miaka 9 tu, akatumwa Osaka kufanya kazi kwenye duka la majiko ya mkaa, kisha duka la baiskeli. Chuo chake kikawa hapo.

Baadaye akaajiriwa na kampuni ya umeme. Akabuni soketi ya balbu, bosi akaona haifai. Mwaka 1917 akaacha kazi, akaanza kuitengeneza nyumbani na mkewe Mumeno na shemeji yake, Toshio Iue. Soketi hazikuuzika! Ilibidi Mumeno aweke nguo zake rehani. Kilichowaokoa ni oda ya vipande 1,000 vya kuhami umeme kwenye feni, na Machi 1918 kampuni ikaanzishwa rasmi.

Hit yenyewe ilikuja 1923: taa ya baiskeli. Taa za betri za wakati huo zilizimika baada ya saa mbili tatu, yake iliwaka zaidi ya 30. Wauzaji wa jumla hawakuamini. Basi akawaachia wenye maduka ya baiskeli taa zikiwaka, wahesabu saa wenyewe, walipe wakiridhika. Oda zikamiminika.

Uchumi ulipoanguka 1929, stoo ilijaa bidhaa. Wengine walifuta watu kazi. Yeye alipunguza uzalishaji kwa nusu, akalipa mshahara kamili, na wafanyakazi wakatoka kuuza mzigo wenyewe. Ukaisha.

Mwaka 1966 kampuni ilifika Dar es Salaam, na betri za National, au mawe kama wazee wanavyoziita, zikatengenezwa huko.

Matsushita alifariki Aprili 1989 akiwa na miaka 94. Mwaka 2008 kampuni ikaacha jina lake, ikawa Panasonic. Mwaka uliofuata ikachukua hisa nyingi za Sanyo, kampuni aliyoianzisha yule shemeji, Iue.