George Eastman na Kamera ya Filamu

Leo, ukiwa Migato, mkoani Simiyu, waweza kupigwa picha kwa simu na kuiona papo hapo. Zamani haikuwa hivyo. Mpiga picha alitumia kamera yenye filamu, yaani utepe uliopakwa dawa inayobadilika inapopigwa na mwanga. Filamu ilipokwisha, ilisafishwa kwa dawa nyingine katika chumba chenye giza. Soma sasa habari za mtu aliyeieneza filamu duniani.

George Eastman alizaliwa Marekani mwaka 1854. Baba yake alifariki George angali mtoto, akalazimika kuacha shule mapema ili aisaidie familia. Baadaye alikuwa karani wa benki. Siku hizo picha zilipigwa kwa vioo vizito vilivyopakwa dawa. Eastman alitaka kuupunguza mzigo huo. Usiku, baada ya kazi, alifanya majaribio jikoni kwa mama yake.

Mwaka 1888 alianza kuuza kamera ndogo aliyoiita Kodak. Ndani yake mlikuwa na utepe wa kutosha picha 100. Picha zilipokwisha, mwenye kamera aliipeleka kiwandani, nako utepe ukasafishwa. Mwaka 1900 kampuni yake ilitoa kamera iliyoitwa Brownie, kwa bei ya dola 1 tu. Hivyo watu wa kawaida nao wakaweza kupiga picha. Kamera hununuliwa mara moja, bali filamu hununuliwa kila inapokwisha. Hapo ndipo kampuni ilipopata faida kubwa. Eastman alizuru Afrika Mashariki mwaka 1926, akafariki mwaka 1932.

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni hiyo hiyo, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Kamera ya namna hii huitwa kamera ya dijitali. Hugeuza mwanga kuwa umeme, kisha huihifadhi picha kwa tarakimu. Kamera hizo zilipoenea, wanunuzi wa filamu walipungua sana. Mwaka 2012 Kodak ilielemewa na madeni, ikaomba ulinzi wa mahakama. Filamu ingali inatengenezwa, lakini soko lake ni dogo.

Kumbuka basi: Eastman aliviondoa vioo sokoni kwa kurahisisha kazi. Filamu nayo ilishindwa kwa njia hiyo hiyo.

Maswali
1. Kwa nini filamu ilisafishwa gizani?
2. Kwa nini kamera ya dijitali ilipunguza soko la filamu?
3. Waulize wazee wako picha zao za zamani zilisafishwa wapi.