Williams alifungua mlango bila kushusha kiwango

Kila unapozuka mjadala wa kuajiri wahudumu wa afya, mimi husikia pande mbili zikivutana. Wamoja hudai kwamba waliotengwa wapewe nafasi. Wengine huhofu kuwa kufanya hivyo ni kuhatarisha maisha ya wagonjwa. Naona mvutano huu hauna msingi, na shahidi wangu ni Daktari Daniel Hale Williams wa Marekani.

Williams alizaliwa mwaka wa 1856 katika jimbo la Pennsylvania. Babaye alikuwa kinyozi, naye alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Mtoto akapelekwa Baltimore kujifunza ushonaji wa viatu, kazi ambayo haikumkaa moyoni. Baadaye akawa kinyozi mjini Janesville, Wisconsin, kisha mwanagenzi wa Daktari Henry Palmer. Hatimaye, mwaka wa 1883, alihitimu udaktari mjini Chicago.

Hata hivyo, shahada haikumfungulia milango. Aghalabu madaktari weusi walinyimwa nafasi hospitalini, wakalazimika kuwapasua wagonjwa majumbani. Wasichana weusi nao walikataliwa katika vyuo vya uuguzi. Mmoja wao, Emma Reynolds, alikuwa na kaka mhubiri, naye akamwendea Williams kuomba msaada. Badala ya kubembeleza wakuu wa vyuo, Williams aliamua kuanzisha hospitali.

Hospitali ya Provident ilifunguliwa mwaka wa 1891 ikiwa na vitanda 12 na shule ya wauguzi. Weusi kwa weupe waliichangia fedha, na madaktari wa rangi zote mbili wakafanya kazi humo bega kwa bega. Emma Reynolds alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Lakini Williams hakumpokea mtu kwa ajili ya rangi tu. Alimpinga hata daktari mweusi mwenzake, George Cleveland Hall, kwa kuona kwamba mafunzo yake hayakutosha. Uhasama uliozaliwa hapo ulimwandama kwa miaka mingi.

Julai 1893, James Cornish alifikishwa Provident akiwa amechomwa kisu kifuani. Eksirei ilikuwa bado kuvumbuliwa, na dawa za antibiotiki hazikuwapo. Williams alimfungua kifua na kuushona utando unaouzunguka moyo. Upasuaji wa aina hiyo ulikuwa umejaribiwa mara chache mno. Cornish alipona na kuishi miaka mingi baadaye.

Mwaka wa 1894 Williams alikabidhiwa Hospitali ya Freedmen's, Washington. Aliipanga upya kwa idara, akaanzisha mafunzo ya wauguzi na kuwaita madaktari wa rangi zote kuhudumu. Mwaka wa 1913 alikuwa mweusi pekee miongoni mwa wanachama waasisi wa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amejiuzulu Provident kwa sababu ya ugomvi. Alifariki mwaka wa 1931, akiwa mbali na hospitali aliyoiasisi.

Kwetu Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe watu wasiotoka katika kabila lenye watu wengi katika kaunti husika. Hili ni agizo la haki. Lakini haki hiyo haitakamilika iwapo kijana wa jamii ndogo atapewa kazi asiyofunzwa, au aliyefunzwa akakataliwa kwa sababu ya jina lake. Mgonjwa hupata hasara katika hali zote mbili.

Kwa hivyo, walimu na wanafunzi, tusikubali kuchaguzishwa kati ya usawa na ubora. Kazi ya kuviunganisha huanzia darasani, kwa kumwandaa kila mtoto mwenye kipawa, kabla ya tangazo la kazi kubandikwa ukutani.